Nusu Chupa

Mtoto wa dada yangu alipougua mafindofindo, daktari alimwandikia amoksilini ya maji ya siku 10. Siku ya nne homa ilikuwa imeshuka, anakula, anakimbiza kuku wa watu. Dada akachukua dawa iliyobaki akampelekea jirani, Mama Zawadi, ambaye binti yake naye alikuwa analia koo na hela ya hospitali hakuna.

Nilimgombeza. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, maneno ninayo. Nilimweleza kwamba koo hupoa mapema, mara nyingi hata bila dawa. Zile siku zinazobaki si za koo, ni za moyo. Bakteria waitwao Streptococcus pyogenes wasipomalizwa, kinga ya mwili inaweza kugeuka, wiki chache baadaye, ikashambulia valvu za moyo wa mtoto. Nikaongeza kuwa maumivu mengi ya koo kwa watoto huletwa na virusi, ambavyo amoksilini haivigusi kabisa, na dozi isiyo na sababu huwazoesha vimelea wengine usugu.

"Sasa ningemwangalia tu mtoto wa mwenzangu?" dada akauliza.

Jioni ile tulinunua chupa nyingine. Moja, ya mtoto wetu.

Tumelelewa kugawana. Chumvi, mkaa, sukari: ukimpa jirani nusu, nusu hiyo inamfaa, na yako inakufaa. Dawa hii haigawanyiki hivyo. Nusu mbili zinaweza kuacha watoto wawili ambao hawajatibiwa. Dada hakulijua hilo, alimjua jirani. Mimi nililijua, na katika hotuba yangu yote sikufikiria kununua chupa mbili. Nina bima ya chuo. Ni rahisi kuwatetea watoto watakaokuta dawa zimegoma miaka 20 ijayo. Hao hawalii usiku upande wa pili wa ukuta.

Ilinichukua siku tatu kwenda kwa Mama Zawadi. Nilikuwa nimehesabu: moyo bado unaweza kukingwa dawa kamili ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, na ya Zawadi ilikuwa ya sita. Nikamwambia nitalipia hospitali, daktari amwone.

Zawadi alikuwa uani anaruka kamba.

"Anko, si unamwona mwenyewe? Ameshapona."

Nikabaki na hela mkononi.