Mgeni Alale Wapi?

Swali la mahali pa kulala safarini huchukuliwa na wengi kuwa ni swali la mfuko. Mtu huuliza bei, huuliza kama maji ya moto yapo, huuliza umbali wa kutoka kituo cha basi, yakaisha. Mimi naona ni swali la maadili pia. Na kwa mtu anayefunga safari kwenda kuujua utamaduni wa watu wengine, nadiriki kusema ndilo swali la kwanza. Mahali unapolala ndipo panapoamua nani atakuamkia asubuhi, utasikia harufu ya chakula gani kutoka jikoni, na fedha yako itaishia mkononi mwa nani.

Mfano ninao mmoja, nao ni Quebec, jimbo la Wakanada wasemao Kifaransa. Nilikwenda huko Septemba 2023 pamoja na rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu kama mimi. Sisi sote tulifundishwa Kifaransa utotoni, mkoani Kigoma, na padri mmoja wa Mapadri Weupe aliyetoka huko. Ulikuwa ukimwita Mfaransa anakasirika. Alikuwa akisema Ufaransa iliwaacha wazee wake mwaka 1763, ilipotia saini mkataba wa kuwakabidhi kwa Mwingereza, na tangu hapo lugha yao imeishi kwa ubishi wao wenyewe. Maneno hayo yalitukaa. Watu walioshindwa vitani nje ya kuta za mji wao tarehe 13 Septemba 1759, kisha wakakataa kwa zaidi ya karne mbili na nusu kusema lugha ya mshindi, ni watu wa kwenda kuwatazama.

Basi tulale wapi? Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana.

Picha ya mji wa Quebec ambayo wengi wameiona ni ya hoteli moja kubwa yenye mapaa ya shaba yaliyochongoka, juu ya jabali, ikiutazama mto Saint-Laurent. Ndiyo Château Frontenac. Mtu akiiona hudhani ni ngome ya wafalme wa Ufaransa. La hasha! Ilifunguliwa mwaka 1893, ikajengwa na kampuni ya reli ya Canadian Pacific kwa michoro ya Mmarekani, Bruce Price, ili matajiri wapate sababu ya kukata tiketi za treni. Jina tu ndilo la gavana wa zamani wa Kifaransa. Kwa hiyo alama ya utamaduni ilitengenezwa kwa ajili ya wageni tangu mwanzo. Sisemi kwamba kwa hiyo ni uongo. Miaka 130 ni mingi, na mama waliofua mashuka ya humo kwa vizazi vitatu au vinne hawakufua mashuka ya uongo. Lakini bei yake ilitumaliza, nasi hatukupoteza muda mrefu juu yake.

Njia ya pili ilikuwa kukodi nyumba ya mtu kwa simu, kama wafanyavyo vijana. Hii niliikataa mimi, na rafiki yangu akaniona mkaidi. Mwezi Machi mwaka huohuo, tarehe 16, jengo moja katika mji mkongwe wa Montreal lilikuwa limeungua, wakafa watu 7. Ndani ya jengo hilo vyumba kadhaa vilikuwa vikikodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, katika eneo ambalo biashara hiyo haikuruhusiwa. Baadaye mwaka huo jimbo likapitisha sheria kwamba kila tangazo la nyumba ya namna hiyo lazima lioneshe namba ya usajili. Sheria ni jambo jema. Hata hivyo kuna jambo ambalo namba ya usajili haiwezi kulijibu. Mwenye nyumba akigundua kwamba mgeni wa usiku mmoja anamlipa zaidi ya mpangaji wa mwezi, mpangaji atatoka. Mgeni sasa amekuja kuutazama utamaduni wa watu, na chumba anachokilalia ndicho walichofukuzwa. Atawatazamia wapi?

Njia ya tatu ndiyo iliyomvutia rafiki yangu, nami naiheshimu. Katika kisiwa cha Orléans, karibu tu na mji, zipo nyumba za wakulima zinazopokea wageni. Wenyewe huziita gîte. Kisiwa hicho hakikuwa na daraja mpaka mwaka 1935, ndiyo maana nyumba nyingi za kale zimesalia. Unalala juu, asubuhi unashuka, mama mwenye nyumba anakupa mayai na jemu ya matunda ya shambani kwake, mnazungumza. Unalipa, anapokea, hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Njia ya nne ilikuwa nyumbani kwa binamu yangu.

Huyu ni mtoto wa shangazi yangu. Aliolewa na Mkongo wa Uvira aliyekuwa mkimbizi kwetu, wakapelekwa Kanada, na sasa wanaishi Limoilou, mtaa wa watu wa kazi ng'ambo ya mto Saint-Charles, penye nyumba za ghorofa tatu zenye ngazi za chuma kwa nje. Aliposikia nakuja aliuliza jambo moja tu: nitafika saa ngapi. Rafiki yangu akasema, "Kwa binamu yako utaona nini? Ugali tuliuacha nyumbani. Kiswahili tuliuacha nyumbani. Umevuka bahari kuja kukaa Kigoma?"

Swali hilo si la kijinga, na sikulijibu kwa undugu peke yake. Undugu ungetosha kunipeleka kusalimia na kunywa chai, kisha nikarudi kisiwani. Nililijibu kwa kuuliza: utamaduni wa mahali uko kwa nani? Rafiki yangu aliuona kama kitu kilichohifadhiwa, na kadiri mtu anavyokuwa wa zamani pale ndivyo anavyokuwa nacho kingi. Mimi sioni hivyo, na nyumba ile ilinipa sababu.

Mwaka 1977 jimbo la Quebec lilitunga sheria ya lugha ya Kifaransa, inayojulikana kama Sheria 101. Pamoja na mengine, iliagiza kwamba watoto wa wahamiaji wasome shule za Kifaransa. Kabla ya hapo wahamiaji wengi waliwapeleka wao kwenye Kiingereza, maana ndiko kulikokuwa na vyeo. Kwa hiyo watu wale wa kale waliamua kwa hiari yao kuikabidhi lugha waliyoipigania kwa watoto wa wageni. Na watoto wenyewe nimewaona. Wajomba zangu wale wananiamkia "shikamoo mjomba" kwa Kiswahili safi, wakigeuka wanagombana kwa Kifaransa cha padri wetu, na irabu zake zilezile za kuvutwa. Msichana aliangusha sahani akatoa tusi. Huko matusi makali hutoka kwenye vyombo vya altare, kalisi na tabernakulo, kwa sababu Kanisa lilikuwa juu ya kila kitu kwa muda mrefu. Mama yake akamkaripia kwa Kiha! Nani ataniambia kwamba nyumba hiyo si Quebec?

Tena kuna kazi ya binamu yangu. Anatunza wazee katika nyumba ya wazee, zamu za usiku. Wazee hao walizaliwa katika familia za watoto kumi, kumi na wawili, wakati mashule na mahospitali yalikuwa mikononi mwa mapadri na masista, kabla ya miaka ya 1960 ilipokuja hali wanayoiita Mapinduzi ya Kimya, serikali ikayachukua, na makanisa yakaanza kubaki matupu. Ninyi mtayasoma hayo kitabuni. Yeye huyasikia saa tisa usiku akimgeuza mzee ubavu. Anajua namna walivyochemsha maji ya miti ya mepo mwezi Machi, lita 40 hivi kwa kupata lita moja ya sharubati, na nani alikuwa akionja kwa siri. Majina yao hakunitajia, wala magonjwa yao, hilo nililipenda. Watoto wa wazee hao wengine wako mbali. Urithi wa habari umepita kwa mwanamke wa Kigoma.

Si mbali na nyumba yake pana bustani ya kumbukumbu kando ya mto, mahali alipokaa Jacques Cartier majira ya baridi ya 1535 na 1536. Nilikwenda mara tatu. Cartier alikuwa na watu 110 hivi. Kiseyeye kiliwaua 25. Waliobaki walipona kwa sababu wenyeji wa kijiji cha Stadacona waliwaonesha mti wa kuchemsha majani na magome yake wanywe. Ilipofika Mei, Cartier alimkamata mkuu wao, Donnacona, pamoja na wenzake kadhaa, akaondoka nao kwenda Ufaransa, na mzee yule akafia huko. Jina Kanada lenyewe limetokana na neno la watu hao, kanata, maana yake kijiji. Mgeni wa kwanza aliyeandika habari za hapo aliondoka na mwenyeji wake na jina la kijiji chake. Namba za magari za Quebec zina maneno yasemayo "Nakumbuka". Nilikaa kwenye benchi nikijiuliza kila mtu wa hapo anakumbuka kipi. Wapo pia Wahuron-Wendat, ambao mji wao wa Wendake uko pembeni tu, na wana hoteli yao wenyewe tangu 2008. Rafiki yangu alilala huko usiku mmoja, akarudi kimya.

Sitaki msomaji adhani kwamba kulala kwa ndugu hakuna gharama. Gharama yake haiandikwi kwenye stakabadhi, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Vijana walinipisha kitanda. Binamu alitoka zamu asubuhi akanipikia kabla hajalala. Shemeji aliomba ruhusa kazini siku mbili. Nilijaribu kuacha fedha mezani, zikarudishwa mfukoni mwa koti langu bila neno. Kule kisiwani rafiki yangu alilipa akawa huru. Hoja yake hiyo ni nzito, na sijapata ya kuishinda. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu umpe jembe, lakini Limoilou hakuna shamba. Niliosha vyombo na kuwapeleka watoto shule.

Usiku wa sita nilihama. Katika mji mkongwe ipo monasteri ya Masista Waagustino, waliofika mwaka 1639 kuanzisha hospitali, na tangu 2015 vyumba vyao vidogo vya zamani hupokea wageni. Kifungua kinywa huliwa kwa ukimya. Binamu alikasirika siku ile, hata kunisindikiza hakunisindikiza. Kesho yake akapiga simu, nikatoka nje kuipokea, akataka kujua kama chai wanayonipa ina tangawizi.