Damu ya Nani?

Nani ana haki ya kumwambia mwenzake awe jasiri?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwongozaji wa tamthilia Augusto Boal alizunguka na kundi lake vijijini kaskazini mashariki mwa Brazili. Katika onyesho moja mbele ya wakulima, waigizaji waliinua bunduki na kuimba kwamba damu imwagike kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja, Virgílio, alifurahi mno. Akawaambia wale chakula, kisha wabebe bunduki zao waende pamoja kuwafukuza vibaraka wa bwana shamba waliovamia ardhi ya mwenzake. Wasanii wakaeleza kwa aibu kwamba zile ni bunduki za maigizo. Basi, alisema, za kweli tunazo za kuwatosha wote. Wakakiri kwamba wao ni wasanii, si wakulima. Hapo Virgílio akaelewa kuwa damu iliyoimbwa ilikuwa yake, si yao.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Boal aliacha kuwahubiria watu kuhusu vitanda vyao. Mwaka 1973, huko Peru, onyesho lilihusu mke aliyedanganywa na mumewe. Mwanamke mmoja katika hadhira alitoa ushauri. Waigizaji wakaujaribu tena na tena, naye akazidi kusema sivyo. Mwishowe Boal akamwita apande aonyeshe mwenyewe.

Ndivyo maigizo shirikishi ya Boal yanavyofanya kazi hadi leo. Kisa cha dhuluma huchezwa mpaka mwisho wake mbaya, halafu huanza upya. Mtazamaji yeyote anaweza kukisimamisha, akachukua nafasi ya mdhulumiwa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji hawamlegezei: mwajiri hubaki mkali, polisi hubaki polisi.

Lakini kupanda jukwaani peke yake si uhuru. Kama jibu sahihi lilishaandikwa na wafadhili, mtazamaji amepewa nafasi bila kupewa uamuzi. Na hata uamuzi ukiwa wake, kesho mwajiri atakayekutana naye si mwigizaji.

Huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji hawakuicheza tu Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Waliisahihisha wakati wa mazoezi, kwa kuwa maisha yaliyoandikwa humo yalikuwa yao. Serikali ililipiga marufuku onyesho. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Pale, mwandishi alilipa pamoja na kijiji.

Nadhani haki ya kumwita mtu awe jasiri inaanzia hapo, kwenye kukubali kugawana gharama. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia makofi binti aliyemjibu "baba" jukwaani, mwendeshaji amuulize: ukiyasema haya leo usiku nyumbani, nani atakuwa upande wako? Na awe tayari kusikia jina lake mwenyewe.