Vespa Iliyojam na Mtu Aliyesamehewa



Wapendwa vijana, kuna swali mnaniuliza mara kwa mara kwa maneno tofauti: mtu akianguka, akatubu, akasamehewa, je, anarudi kuwa yule yule wa zamani? Wengine wanauliza kwa matumaini. Wengine wanauliza kwa kejeli, maana jibu wanalo tayari. Kwenye falsafa tumefundishwa namna nyingi za kulijibu, lakini iliyonikaa zaidi nimeipata gereji, hapa Zanzibar, ambako watu wengi huita skuta yoyote "vespa".

Hii ninayoisema ni Vespa kweli, PX 150 ya zamani, kazi ya Piaggio wa Italia. Ilijam barabarani. Injini yake ni ya mipigo miwili, na oili inachanganywa na petroli, kama mililita 20 kwa kila lita. Oili ikipungua au hewa ikizidi, joto linapanda. Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ni ya chuma, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Basi pistoni inanenepa kuliko nyumba yake, inajibana, inakwaruza ukuta, inasimama. Habari imekwisha.

Sasa mwangalie fundi. Hajazi ile mikwaruzo. Silinda inapelekwa kwa mchongaji, anaitanua yote mpaka ukuta uwe laini na mviringo tena. Kiwandani kipenyo kilikuwa milimita 57.8, ikitoka kwa mchongaji ni 58.0, na inatafutiwa pistoni ya kipimo hicho. Mikwaruzo haikufichwa, imeondoka kabisa. Lakini 57.8 hairudi. Ukiirudishia pistoni ya kipimo cha zamani, hata kama ni mpya dukani, italegea na kugonga.

Na kabla ya kufunga, fundi anayejua kazi anauliza: kwa nini ilijam? Mara nyingi mwizi ni sili za krenki. Zikichakaa zinaingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Ukiweka pistoni mpya ukaacha sili mbovu, utarudi pale pale baada ya muda mfupi. Anayeungama kila Jumamosi dhambi ile ile, na simu inayompeleka kule bado iko chini ya mto, ananielewa.

Nije kwenye jambo lenyewe. Yuko kijana mmoja (amekubali niandike) aliyekuwa mweka hazina wa kwaya. Alichukua fedha za sare akaziweka kwenye mikeka ya kubeti. Zikaliwa zote. Ameungama, amefanya vibarua miezi kadhaa, amerudisha kila shilingi, na programu ya kubeti ameifuta. Sasa anaomba arudishiwe daftari la hazina. Kwaya imegawanyika. Wapo wanaosema, "Tumemsamehe, ila..." na wapo wanaojibu, "Kama mmemsamehe, hiyo ila ni ya nini?"

Hawa wa pili nawapenda, lakini nadhani wanaitafuta 57.8. Wanataka tufanye kama halikutokea kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini haliponyi kila vurugu ambayo dhambi imeleta. Hawa wa kwanza nao wanaona silinda iliyokwaruzwa ni chuma chakavu tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alijiuliza, katika sehemu ya tatu ya Summa, swali la 54, kama ilifaa Kristo afufuke na makovu. Pingamizi analianza mwenyewe: kovu ni kasoro, na mwili mtukufu hauna kasoro. Anajibu kwamba Bwana hakushindwa kuyaponya. Aliyabeba kama alama ya ushindi. Ni kweli, yale yalikuwa makovu ya upendo, ya kijana wetu ni ya mikeka, silinganishi. Ila ukishakubali kwamba utukufu unaweza kukaa na kovu, huwezi tena kumdai mtu awe kama hajawahi kuumia ndipo umhesabu kuwa mzima.

Silinda hutanuliwa mara chache tu, kisha chuma kinaisha. Huruma ya Mungu haiishi hivyo, na hapo mfano wangu unakoma.

Kuna na vishawishi vya kuongeza. Zipo silinda za milimita 63 zinazoifanya PX 150 kuwa ya sisi 177. Vespa inapaa, breki ni zile zile. Kijana wetu alitaka pia kufunga siku tatu kila wiki na kugombea uongozi wa VIWAWA. Nilimwambia atulie.

Kwa sababu silinda iliyotoka kuchongwa haikimbizwi. Kilomita mia kadhaa za mwanzo unaendesha taratibu, hubani mafuta mpaka mwisho, ringi na ukuta vizoeane. Fundi anayekuambia hivyo hajaidharau kazi yake. Lakini pia haizoei ikiwa imefunikwa turubai uani. Huko itashika kutu tu, na huo ndio msamaha wa "ila" isiyo na tarehe.

Maoni yangu: leo asipewe daftari. Apewe kukusanya michango pamoja na mwenzake, wahesabu wawili, wasaini wawili, na kwaya itaje mwezi wa kulizungumza tena suala la daftari. Petro aliyekana mara tatu aliulizwa mara tatu, mbele ya wenzake, na kila alipojibu alipewa kazi, wala hakuambiwa asubiri nje.

Kikao ni Jumapili hii baada ya Misa ya pili. Frateri hana kura pale, lakini nimeomba dakika tano.