Kodi, Haki na Chimbuko la Mapinduzi

Wahenga wetu walituachia misemo miwili isiyopatana. Mmoja wasema: mwenye nguvu mpishe. Mwingine wasema: dhuluma haidumu. Kila taifa lililowahi kutawaliwa limeishi kati ya misemo hiyo, na safari ya kujikomboa ni safari ya kuuacha ule wa kwanza na kuushika wa pili. Swali linalotukabili ni hili: ni jambo gani humfanya mtu aliyezoea kunung'unika aache manung'uniko yake na kusimama kupigana? Je, ni uzito wa kodi peke yake, au liko jambo lililo zito kuliko kodi?

Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika nchi yetu mwaka 1897, na kiwango cha kawaida kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Asiyekuwa na fedha alifanyishwa kazi. Tangu mwaka 1902, wananchi wa sehemu za pwani na kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumla, chini ya kiboko cha akida na wasimamizi wake. Ujira ulikuwa mdogo hata baadhi yao wakakataa kuupokea. Mwezi wa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliing'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akiwapa watu maji ya dawa huko Ngarambe, alinyongwa mwezi uliofuata. Lakini vita havikufa pamoja naye.

Moto huo ulifika Njombe. Tarehe 19 Septemba 1905, Wabena walioongozwa na mtawala wao Mbeyela waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi. Hapa ndipo mwenye kufikiri hana budi kutua. Pamba ni zao la nchi ya joto. Haikuwa adha ya watu wa baridi ya Ubena. Ikiwa chanzo cha vita kilikuwa pamba tu, Wabena walikuwa na ugomvi gani? Jibu ni kwamba kila sehemu ilikuwa na adha yake, lakini adha zote zilitoka katika mzizi mmoja. Mmatumbi alichapwa shambani. Mbena aliona amri za wageni zikipanda juu ya amri za watawala wake, na jasho lake likidaiwa na mtu ambaye hakumchagua wala hakumjua. Manung'uniko ya mtu mmoja ni huzuni. Manung'uniko ya watu wengi waliokwisha tambua kwamba anayewaumiza ni yule yule, hayo ndiyo mbegu ya mapinduzi.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu walichukia kutoa. Kabla ya wakoloni walikuwa wakilima mashamba ya watawala wao na kuwapelekea pembe za ndovu. Lakini utoaji huo ulikuwa na marejeo yake: mtawala alitazamiwa kuwalinda watu, kuamua mashauri yao na kufungua ghala wakati wa njaa. Asiyetimiza hayo aliweza kukimbiwa na watu wake, akabaki mtawala wa misitu. Kodi ya mkoloni haikuwa na marejeo, na aliyetozwa hakuulizwa neno. Kwa hiyo tofauti ya kodi na unyang'anyi haimo katika hesabu ya rupia. Imo katika haki ya anayetoa kuuliza na kujibiwa.

Jambo hili si la Waafrika peke yao. Walowezi wa Marekani walipotozwa kodi ya stempu mwaka 1765, walilalamika kwamba Bunge la Uingereza liliwatoza bila wao kuwa na mjumbe ndani yake. Kufikia mwaka 1776 walikuwa wamejitangazia uhuru. Lakini watu hao hao walioidai haki yao waliendelea kuwamiliki watumwa. Hapo twajifunza kwamba kudai haki yako bila kumpa mwenzako yake ni mapinduzi nusu.

Watawala wa Kijerumani waliviita vita vya Maji Maji uasi. Neno hilo lafaa kupimwa. Kuasi ni kuvunja utii unaostahili. Je, utii gani wamstahili aliyeingia nyumbani kwako kwa bunduki? Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba wazee wetu walipigana kwa kuitikia wito wa asili uliomo moyoni mwa kila binadamu, wa kukataa kutawaliwa na wageni.

Hata hivyo, heshima kwa wazee isitufumbe macho. Maji hayakuzuia risasi. Majeshi ya serikali yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wakoloni wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hata 250,000 hadi 300,000. Tena huko Yakobi, miongoni mwa walioilinda misheni walikuwamo Wabena waliobatizwa; ndugu alimkabili ndugu. Je, wazee walikosea? Madai yao yalikuwa ya haki, lakini haki ya madai haitoshi kuihalalisha kila njia. Kiongozi anayewaita watu kufa ana deni la kuwaambia ukweli. Jambo jema ambalo maji yalileta ni umoja wa makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Jambo baya ni tumaini lisilokuwa na msingi.

Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, na kodi haikwisha. Vijana wengi wa Njombe walishika njia ya kaskazini inayopitia Makambako, wakaenda kukata mkonge Tanga ili wapate fedha ya kodi. Wakaitwa manamba, kwa kuwa majina yao yaligeuzwa nambari. TANU ilipoundwa mwaka 1954, iliurithi umoja wa Maji Maji ikaacha dawa yake, na tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ukapatikana pasipo vita.

Leo kijana wa Makambako asikiapo garimoshi la TAZARA likipita, na akae akilipia kodi kila anunuapo kitu dukani, akumbuke mambo mawili. Kwanza, kulipa kodi katika nchi yake huru ni wajibu, maana shule na barabara havioti kama uyoga. Pili, kuuliza kodi hiyo imefanya nini si uasi; ni haki iliyonunuliwa kwa damu. Hata kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa katika nchi yetu huru, ilifutwa mwaka 2003 baada ya wananchi kuilalamikia. Serikali inayosikiliza manung'uniko yakiwa bado madogo haina haja ya kuyaogopa mapinduzi. Na wananchi wanaosema mapema hawana haja ya kuyatafuta.