Amani ya Vitufe Vyeusi

Mwanakwaya mpya anapokaa kwenye kinanda changu kwa mara ya kwanza, namwanzisha na vitufe vyeusi. Namwambia agonge anachotaka, kwa mpangilio wowote, mradi asiguse cheupe. Basi hugonga, na lolote linalotoka hulipendeza sikio. Hata mtoto asiyejua do iko wapi hawezi kukosea hapo. Kwangu mimi mwalimu wa kwaya usharikani, urahisi huo umezaa swali la imani: je, amani ni kuondoa kila kinachogongana?

Sababu ya urahisi huo inaelezeka kwa solfa, ambayo kwaya zetu nyingi huisoma. Kila oktava ina vitufe vyeusi vitano: viwili pamoja, kisha vitatu pamoja. Kitufe cha kwanza katika vile vitatu kikiwa ndiyo do, vyote vitano vinatoa do, re, mi, so na la. Fa na ti hazimo, na hizo ndizo zenye mvutano. Ti iko nusu toni tu chini ya do, na haitulii mpaka ipande. Fa iko nusu toni juu ya mi, na hutamani kushuka. Zikilia pamoja, sikio hudai jibu. Zikitolewa, hakuna tena noti ya kumkwaruza mwenzake. Unaweza hata kuhamia la na kuifanya kituo, skeli ikageuka ya huzuni, na bado kila noti ikapatana na wenzake.

Wapo waumini wanaoiombea kwaya amani ya namna hiyo. "Fulani akiondoka tutatulia," husema. Naielewa haja yao, kwa maana ugomvi unachosha. Ila muziki wenyewe unanifundisha vingine. Masafa ya so ni karibu mara moja na nusu ya masafa ya do. Toka do, piga hatua hiyo, umefika so. Irudie: re, kisha la, kisha mi. Zile tano zimetimia. Irudie tena mara moja tu, inakuja ti. Rudi nyuma hatua moja kutoka do, unaikuta fa. Ukoo ni mmoja! Kanuni iliyozaa mapatano ndiyo iliyozaa mvutano. Mimi ninayeamini kwamba kanuni hiyo ni ya Mungu siwezi kusema kwamba nusu yake imewekwa na adui.

Tazama wimbo wa Amazing Grace. Maneno yake, yaliyochapishwa mwaka 1779, ni ya John Newton, Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Lahani inayojulikana leo aliyaunganisha nayo William Walker huko Marekani mwaka 1835, na yote inapigika kwa vitufe vyeusi pekee. Lahani ni tulivu. Mtunzi wa maneno hakuishi hivyo. Alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, kisha akaendelea kwa miaka kadhaa kusafirisha Waafrika waliouzwa. Mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu cha kuishutumu biashara ile. Tangu dhoruba hadi kijitabu ni miaka 40. Dhamiri iliyonyamazishwa mapema ingempa utulivu, na wale waliofungwa minyororo wangebaki bila ushahidi wake.

Wimbo huohuo ukiimbwa kwa sauti nne, soprano hubaki kwenye noti zake tano. Ti huwaangukia alto au teno, na fa mara nyingi huwa ya besi. Wasiosikika sana ndio wanaobeba mvutano, na kwa sababu yao lahani inapata safari: inaondoka do, inaitamani, inairudia. Vitufe vyeusi peke yake havina tamaa hiyo, kwa kuwa popote ukiishia pamekaa sawa. Navipenda kwa hilo, kama neema inayompokea mtu kabla hajajua chochote. Lakini mahali ambapo popote ni nyumbani, hapana anayengoja kufika, na imani isiyongoja haina tumaini.

Kwa hiyo siombi tena wagomvi wa kwaya yetu waondoke. Naomba niwajue vema niwape sauti wanayoiweza, halafu niwe na subira mpaka mvutano wao upate jibu. Amani inayopatikana kwa kumtoa mtu nje ni nyepesi mno kuitwa ya Mungu.