Mali ya Mgonjwa

Enyi ndugu zetu Waislamu! Mara nyingi twaona mtu akishikwa na maradhi mazito, jamaa zake huanza kwa mganga wa mapepo, wakauza dhahabu za mkewe, kisha ndipo wampeleke hospitali mikono mitupu. Hii si tawakkul, bali ni uzembe. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa afya wa serikali umo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA): mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka. Basi yatupasa tujiandikishe tungali wazima. Kutumia haki tuliyoichangia si kuomba.

Na mgonjwa naye na aandike anayodai na anayodaiwa, mbele ya mashahidi, wala asimgawie ampendaye mali yote. Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka alitaka kutoa thuluthi mbili, Mtume (S.A.W.) akamzuia, akamruhusu thuluthi moja, nayo akaiona nyingi, kwani kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.