Deni la Tyneham

Ahadi ni deni, wasema wahenga. Lakini mdai akiwa mnyonge na mdaiwa akiwa serikali, nani ataamua? Katika Desemba 1943 watu wa Tyneham, kijiji kidogo cha Dorset, Uingereza, walihamishwa ili jeshi lipate uwanja wa mazoezi. Waliondoka kwa utii, wakiamini kuwa watarudi amani ikirejea. Wengi walikuwa wapangaji, si wenye ardhi. Mwaka 1948 serikali ilitwaa mahali hapo kwa sheria, wala hawakurudi. Haja ya vita ilikuwa ya kweli. Kuwataka wahame hakukuwa dhuluma. Huenda jeshi lilipata haja mpya. Lakini haja mpya haifuti deni la kale. Sheria yaweza kumruhusu mdaiwa asilipe. Haiwezi kumfanya awe amelipa.